Bahari Safi kwa Sababu Hakuna Aliyepima

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zilinibana, lakini leo nina kisa na nadhani kitafidia. Kinaanzia ofisini kwangu na kuishia ndani ya bahari ya Uingereza, kwa hivyo jipatieni kikombe cha chai.

Juzi Jumatatu asubuhi nilifungua ukurasa unaoonyesha hali ya mfumo mmoja tunaoutunza. Kila kitu kijani. Makosa: 0. Nikafurahi, nikaendelea na mambo yangu. Saa nne simu ikalia, mteja anauliza mbona watu wake hawajaweza kulipa tangu Jumamosi. Kuchungulia kwenye seva, kumbe skripti inayohesabu makosa ilikufa Ijumaa usiku. Hakuna kosa lililoripotiwa kwa sababu mripoti mwenyewe alikuwa marehemu. Sifuri niliyoiona haikuwa sifuri, ilikuwa nafasi tupu iliyovaa nguo za sifuri.

Wale mliosomea tarakilishi mnajua tunafundishwa hili mapema kabisa. Mwanafunzi aliyepata sifuri katika mtihani si sawa na yule ambaye hakuufanya. Ukiwachanganya, wastani wa darasa unakuwa uongo. Nikiwa bado najilaumu nikakumbuka kisa cha nchi nzima iliyochanganya sifuri na tupu, na kwao haikuwa skripti iliyokufa.

Mwaka 1979 Uingereza, nchi iliyozungukwa na bahari, iliorodhesha fuo 27 tu za kuogelea ambazo maji yake yangepimwa chini ya sheria mpya ya Ulaya. Luxembourg, nchi ambayo haina hata mita moja ya pwani, iliorodhesha sehemu zaidi ya 30 kwenye mito na maziwa yake. Blackpool, mji wa Uingereza ambao umaarufu wake wote ni kupokea watalii wa baharini, haukuwa kwenye orodha. Ilikuwaje? Haya, twende pole pole.

Wazazi wawili na orodha yao

Mwaka 1957 mtoto wa kike wa miaka 6 alifariki kwa polio katika pwani ya kusini ya Uingereza. Alikuwa ameogelea katika maji ya bahari yaliyochafuliwa na maji taka ya mji. Wazazi wake, Tony na Daphne Wakefield, waliamini kwamba bahari ndiyo iliyomwambukiza. Wakaanza kuuliza maswali ambayo leo tungeyaona ya kawaida: bomba la maji taka linaishia wapi? Uchafu unasafishwa kabla ya kumwagwa? Nani anapima?

Kumbukeni enzi hizo miji mingi ya pwani kule ilikuwa ikimwaga maji taka baharini yakiwa mabichi, mara nyingi kupitia mabomba mafupi yaliyoishia karibu na ufuo. Dhana ilikuwa rahisi: bahari ni kubwa, chumvi na jua vitaua viini, mawimbi yatabeba kitakachosalia. Asubuhi watu wanashuka na taulo zao, na kile kilichosalia kinarudi kuwaamkia.

Mwaka 1958 wazazi hao walianzisha chama kidogo, Coastal Anti-Pollution League. Baadaye wakatoa kijitabu kilichoitwa Golden List, yaani orodha ya fuo pamoja na habari za maji taka yaliyokuwa yakimwagwa karibu nazo. Hawakuwa na maabara wala tarakilishi. Kwa lugha yetu ya leo, walijenga hifadhidata ya umma kwa mkono, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewajengea. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi hadi miaka ya 1980, ilipochukuliwa na shirika la Marine Conservation Society.

Wataalamu wa serikali nao walikuwa kazini. Kamati ya maabara za afya ya umma iliundwa mwaka 1953, ikapima maji ya fuo zaidi ya 40, na mwaka 1959 ikatoa ripoti. Jibu lake kwa ufupi: hatari ya kuugua kwa kuoga baharini ni ndogo kiasi cha kupuuzwa, isipokuwa pale ambapo maji ni machafu hadi yanachukiza kuyatazama. Walikuwa pia wamewachunguza watoto waliopata polio na hawakuona ushahidi kwamba kuogelea ndiko kulikoileta. Tuwe wa haki hapa. Polio hupita njia nyingi, na hakuna anayeweza kuthibitisha mtoto yule aliipata wapi.

Tatizo la ripoti lilikuwa kwingine. Walitafuta magonjwa makubwa, yale ambayo yanampeleka mtu hospitalini na kuandikwa kwenye daftari. Mtu aliyeoga Jumapili, akahara Jumanne, akanywa maji ya chumvi na sukari na kurudi kazini Alhamisi, hakuandikwa popote. Kwenye hesabu zao alionekana kama sifuri, kumbe alikuwa tupu. Kwa miaka zaidi ya ishirini ripoti hiyo ikawa ngao ya kila aliyetaka kuendelea kumwaga.

Tunahesabu nini hasa?

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu kipimo chenyewe. Ukichota maji ya bahari huwezi kutafuta kila kirusi na kila bakteria anayeleta ugonjwa. Ni wengi, kila mmoja anataka kipimo chake, na wengine ni wachache sana majini ingawa wanatosha kukuangusha. Kwa hivyo wanasayansi huhesabu mwakilishi. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich alieleza bakteria mmoja anayeishi kwa wingi matumboni mwetu, ambaye leo anaitwa kwa jina lake, Escherichia coli, au E. coli kwa kifupi. Aina zake nyingi hazina madhara. Ila ukimkuta majini, ujue kinyesi kimepita hapo, cha mtu au cha mnyama, na penye kinyesi huenda wale wabaya wapo pia. Ni kama kuona moshi: huuogopi moshi wenyewe, unaogopa kilichouleta.

Namna ya kumhesabu ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Unachukua mililita 100 za maji, unazipitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Unakilaza kichujio juu ya chakula chao kwenye kisahani, unakiweka ndani ya kabati lenye joto, kama nyuzi 44 kwa bakteria wa kinyesi, na unakwenda nyumbani kulala. Kila bakteria aliye hai anazaana mpaka anakuwa kidoa unachoweza kukiona kwa macho. Kesho yake unahesabu vidoa. Hilo neno "kesho yake" likumbukeni, tutalirudia.

Nambari 200 ilitoka wapi

Ukishahesabu vidoa, ngapi ni nyingi? Hapa tuvuke bahari kidogo twende Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 idara ya afya ya umma ya huko ilizifuatilia familia zilizokuwa zikiogelea katika ziwa Michigan kule Chicago, katika mto Ohio, na baharini karibu na New York. Familia ziliandika kwenye kalenda nani ameogelea na nani ameugua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: dalili za watu kuugua zaidi zilionekana pale ambapo maji yalikuwa na kolifomu, yaani kundi zima la bakteria ambalo E. coli ni mmoja wao, kama 2,300 au zaidi kwa mililita 100.

Mwaka 1968 kamati ya kitaifa ya ushauri ikaichukua nambari hiyo. Ikasema, kolifomu wa kinyesi huwa kama asilimia 18 ya kolifomu wote, kwa hivyo 2,300 inakuwa karibu 400. Na kwa kuwa hatutaki kufika mahali watu wanapougua, tugawe kwa mbili. Ikabaki 200. Basi. Hiyo ndiyo nambari iliyofunga na kufungua fuo za Marekani kwa miaka mingi.

Sisi tunaoandika programu tuna jina baya kwa nambari kama hizi, ambazo mtu aliziandika katikati ya msimbo bila maelezo na kila mtu anaogopa kuzigusa. Lakini mimi siwacheki watu wale. Walikuwa na data kidogo, waliionyesha hesabu yao hadharani, na kwa sababu hiyo wengine waliweza kuisahihisha. Katika miaka ya 1970 tafiti mpya za Victor Cabelli na wenzake zilionyesha kwamba baharini bakteria wengine, enterokoki, wanaonyesha hatari vizuri zaidi, kwa sababu wanastahimili chumvi kuliko E. coli. Mwaka 1986 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikabadilisha: enterokoki 35 kwa maji ya bahari, E. coli 126 kwa maji baridi, zote ni wastani wa kijiometri kwa mililita 100. Nambari mbaya iliyoandikwa wazi inarekebishika. Ile isiyoandikwa hairekebishiki.

"Idadi kubwa" ni watu wangapi?

Sasa turudi Ulaya. Tarehe 8 Desemba 1975 nchi za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya zilikubaliana juu ya agizo la maji ya kuogelea. Kila nchi ingepima maji yake, na angalau asilimia 95 ya sampuli zisizidi kolifomu 10,000 kwa jumla na kolifomu wa kinyesi 2,000 kwa mililita 100. Zilipewa miaka 10 kufikia kiwango hicho.

Lakini kila sheria ina mlango wake wa nyuma, na wa hii ulikuwa kwenye tafsiri ya maneno. Maji ya kuogelea ni yapi? Agizo lilisema ni yale ambayo mamlaka imeruhusu watu waogelee, au yale yasiyokatazwa ambamo kwa desturi watu kwa "idadi kubwa" huogelea. Idadi kubwa ni watu mia? Elfu? Agizo halikusema. Uingereza ikajiwekea vipimo vyake vya idadi ya watu, na vilipotumika zikabaki fuo 27. Blackpool, pamoja na malaki ya wageni wake, ukabaki nje. Na ufuo ambao haumo kwenye orodha hauwezi kufeli mtihani, kwa sababu haukuufanya.

Sisemi kila afisa alikuwa na nia mbaya. Kujenga mitambo ya kusafisha maji taka ya mji mzima ni gharama kubwa, na ripoti ya 1959 ilikuwa imewaambia hakuna haja. Lakini tazameni jinsi mambo mawili yalivyosaidiana: ripoti ilisema hakuna wagonjwa kwa sababu hawakuhesabiwa, na orodha ilisema hakuna fuo chafu kwa sababu hazikupimwa. Ukurasa wote kijani.

Tume ya Ulaya haikukubali. Baada ya malalamiko na mabishano, mwaka 1987 Uingereza iliongeza fuo nyingine zaidi ya 350 kwa mkupuo mmoja. Bahari haikuwa imeongezeka urefu usiku ule, ni orodha tu iliyobadilika. Blackpool na Southport zilifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 14 Julai 1993 mahakama ikaamua kwamba Uingereza haikuwa imetimiza wajibu wake kwa maji ya fuo hizo.

Wakati huohuo vijana wanaocheza na mawimbi kule Cornwall walichoka kuugua masikio, koo na tumbo, na mwaka 1990 wakaanzisha Surfers Against Sewage. Nao wanasayansi wakaamua kulijibu lile swali la 1959 kwa njia isiyo na ubishi. Kati ya 1989 na 1992 timu ya David Kay iliwachukua watu wazima zaidi ya 1,200 waliojitolea, katika fuo nne zilizofaulu kipimo cha sheria, ikapiga kura: hawa waingie majini, hawa wabaki mchangani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Walioingia majini waliugua tumbo zaidi, na hatari ilipanda kadiri bakteria wa jamii ya enterokoki walivyoongezeka. Yule mtu aliyehara Jumanne akaandikwa kwenye daftari hatimaye.

Maji ya jana

Mwaka 2006 Ulaya ilitoa agizo jipya. Kolifomu wa jumla wakaondolewa, wakabaki E. coli na enterokoki, na kila ufuo ukapewa daraja moja kati ya manne, kuanzia bora sana hadi duni. Ni hatua kubwa mbele. Lakini agizo hilo linadai sampuli chache mno, kwa kawaida zisizopungua nne kwa msimu, na linaruhusu baadhi ya sampuli zilizochukuliwa wakati wa uchafuzi wa muda mfupi ziwekwe kando kwa kiwango maalumu, iwapo umma ulionywa.

Kisha kuna lile neno "kesho yake". Ukichota maji Jumatatu, vidoa vinahesabika Jumanne. Tangazo linalobandikwa Jumanne linasema habari za maji ambayo yameshakwenda zake. Mwaka 2004 watafiti wawili, Kim na Grant, walichambua rekodi za ufuo wa Huntington Beach, California, wakapata kwamba matangazo ya kuonya au kutoonya yalikosea kati ya asilimia 0 na 41 ya wakati, kutegemea kipimo na mahali. Wengine walizuiwa kuogelea maji yakiwa salama, na wengine waliachwa waingie siku mbaya.

Hapa ndipo watu wa fani yetu walipoingia. Kama matokeo yanachelewa, je, tunaweza kukisia? Mvua ikinyesha sana, mabomba yanafurika. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, uchafu unarudi. Maji yakiwa na tope, bakteria wanajificha dhidi ya jua. Vitu hivyo vyote vinapimwa kwa dakika chache. Kwenye ziwa Erie, jimbo la Ohio, mfumo wa kukisia ulianza kutangazwa kwa umma mwaka 2006, ukitumia hesabu za takwimu ambazo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzielewa. Chicago nayo mwaka 2017 ilianza kupima vinasaba vya enterokoki katika fuo zake, kipimo kinachotoa jibu siku hiyohiyo, bila kungoja mtu yeyote azaane kwenye kisahani.

Huko England mkazo umekuwa kwenye mabomba yenyewe. Mabomba ya zamani hubeba maji ya mvua na maji taka pamoja, na mvua ikizidi humwaga mtoni au baharini ili yasirudi majumbani. Kufikia mwisho wa 2023 kila tundu la aina hiyo lilikuwa limefungwa kifaa kinachoandika lini linamwaga na kwa muda gani. Jumla ya mwaka huo ilikuwa saa milioni 3.6. Mvua ilikuwa nyingi, ni kweli, lakini huko nyuma sehemu kubwa ya saa hizo zilikuwa zinapita bila kuandikwa na mtu. Kifaa hakisemi ni maji kiasi gani wala yana viini vingapi. Angalau kinasema jambo limetokea.

Na mwaka 2024 lilitokea jambo ambalo hata ningelitunga msingeniamini. Serikali iliongeza sehemu mpya 27 za kuogelea England, nyingi zikiwa za mitoni. Idadi ileile ya 1979! Zikapimwa msimu mmoja, na matokeo yalipotoka, 18 kati ya hizo 27 zilipewa daraja la duni. Kwa England nzima zilizokuwa duni ni 37 kati ya 450. Yaani karibu nusu ya maji mabaya yaliyojulikana yalikuwa ni yale ambayo mwaka uliotangulia hayakuwa na alama yoyote. Watu walikuwa wakiogelea humo, na rekodi ilikuwa tupu.

Na sisi?

Nikienda Mombasa wakati wa likizo ya Desemba huwa naenda na mpwa wangu ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambako watu hujaa mpaka maji huyaoni. Kenya ilitunga kanuni za ubora wa maji mwaka 2006, na ndani yake kulikuwa na jedwali la viwango vya maji ya kuogelea. Kwa hivyo nambari si ngeni kwetu. Mpwa wangu mwaka jana aliniuliza, "Mjomba, haya maji ni masafi?" Nikatazama, yalikuwa ya buluu, nikamwambia ndiyo. Baadaye nikagundua nimetumia kipimo cha 1959: hayakunichukiza kuyatazama.

Siku hizi nikiona tangazo lolote la usalama, la maji au la seva, nauliza mambo matatu. Nani alipima, alipima lini, na ni wapi hakupima? Swali la tatu ndilo linalowakera watu, na ndilo walilouliza wale wazazi wawili.

Kuhusu ule mfumo wetu, nimeandika skripti nyingine ya kuichunga ile ya kwanza: ikinyamaza kwa dakika kumi, ukurasa haubaki kijani, unakuwa wa kijivu na kuandika "sijui". Mteja alipouona alilalamika kwamba haupendezi. Nimekataa kuurudisha.

Haya, tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.